Jibu: Subaru Impreza WRX ya 2006, kilomita 190,000, nichukue ama niache?

Salaam ndugu. Umesema gari likiwashwa asubuhi linatoa moshi wa buluu kidogo, na muuzaji anadai "ni oili tu." Mimi naendesha la injini hiyo hiyo, EJ20 ya tabo (kile kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini), hapa hapa Mombasa.

Kabla ya moshi, uliza taimingi belti, ule mkanda unaopatanisha vali na pistoni, ilibadilishwa lini. Ni kila kilomita 100,000 hivi. Ikikatika, vali hugonga pistoni na injini kwisha. Hana risiti? Hesabu haijabadilishwa, bei ishuke.

Halafu nenda alfajiri, mwambie asiliwashe kabla hujafika. Shika boneti, iwe baridi. Fungua mfuniko wa rejeta, washa, tazama maji: mapovu yasiyokoma ni gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya bloku na kichwa cha injini, imeungua. Ukisikia ko-ko-ko kule chini ya injini inayoongezeka ukikanyaga mafuta, aga uende zako, hata akupunguzie nusu.

Moshi sasa. Fundi avue paipu ya hewa ya tabo, injini imezimwa, ashike shafti kwa vidole. Ikicheza hadi kugusa ukuta, tabo imechoka, na huenda ndiyo inavujisha oili inayotoa moshi huo.

Inua na mazulia utazame kutu; chumvi ya pwani haina huruma. Giaboksi siisemei bila kuiendesha.