Jibu: Nani humteua Msajili wa Hakimiliki Marekani?

Mkuu, umeuliza kama Rais wa Marekani ndiye anayemteua Msajili, yaani mkuu wa Ofisi ya Hakimiliki, na kama Seneti humthibitisha. Kwa sheria ilivyo, hapana kwa yote mawili.

Ofisi hiyo iko ndani ya Maktaba ya Kongresi. Kifungu cha 701 cha Sheria ya Hakimiliki kinasema Msajili huteuliwa na Mkutubi wa Kongresi, yaani mkuu wa Maktaba hiyo, na hufanya kazi chini ya maelekezo yake. Rais anaingia hatua moja nyuma: yeye humteua Mkutubi, Seneti ikamthibitisha, kwa kipindi cha miaka 10. Msajili hana kipindi maalumu. Shira Perlmutter, kwa mfano, aliteuliwa na Mkutubi Carla Hayden mwaka 2020.

Wengi huchanganya hapa kwa sababu mkuu wa ofisi ya hataza (haki za uvumbuzi) na alama za biashara, iliyo chini ya Wizara ya Biashara, huteuliwa na Rais moja kwa moja.

Mwaka 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 378 dhidi ya 48, muswada wa kumpa Rais uteuzi huo kutokana na majina yasiyopungua matatu ya kamati ya watu saba. Seneti haikuupitisha, kwa hiyo ukiukuta mtandaoni usiuchukulie kama sheria.

Penye utata hasa ni kuondolewa. Mei 2025 Ikulu ilimfuta kazi Hayden, kisha Perlmutter, naye akaenda mahakamani akidai ni Mkutubi halali pekee anayeweza kumwondoa.