Mzee anadai kwenda nyumbani, na yuko nyumbani

SWALI

Sista, salamu. Mzee wangu ana miaka 74. Alikuwa gadi wa gari moshi mpaka alipostaafu, na sasa tumebaki wawili hapa Nakuru, karibu na reli. Miaka mitatu iliyopita alianza kusahau: kwanza majina, kisha pesa, kisha njia ya kutoka sokoni. Mwaka jana daktari alitwambia ni dimenshia. Kila jioni giza likianza kuingia huvaa koti na kusema, "Twende nyumbani, tumechelewa." Nikimwambia hapa ndipo nyumbani, anakuwa mkali. Hilo nilikuwa nimelizoea.

Lakini wiki mbili hizi amebadilika kabisa. Halali. Anaongea na watu nisiowaona. Anaenda chooni mara sita au saba usiku, na mkojo unatoka kidogo kidogo. Jumanne alitoka saa tisa usiku, vijana wa bodaboda wakamkuta kando ya reli ameshika tochi. Mwanzoni mwa mwezi nilikuwa nimepewa Piriton kwenye duka la dawa, nimpe mbili kila usiku apate usingizi. Humeza pamoja na vidonge vyake vya presha baada ya chakula cha jioni. Wanangu, mmoja yuko Nairobi na mwingine Mombasa, wananiambia kwa simu nimfungie chumbani. Shemeji zangu wa Kimilili wanasema haya ni mambo ya kurogwa, arudishwe huko akaombewe. Je, ugonjwa umefika mwisho? Nimfungie? Na Piriton, niongeze?

Mama Wekesa, Nakuru

JIBU

Mama Wekesa, nianze na hilo la mwisho kwa sababu haliwezi kungoja. Usiongeze Piriton. Iache kabisa, kuanzia usiku wa leo.

Sasa tuhesabu siku pamoja. Kwa miaka mitatu mzee amekuwa akishuka polepole, na wewe umekuwa ukishuka naye hatua kwa hatua ukijipanga upya. Hivyo ndivyo dimenshia inavyokwenda, kwa miezi na miaka. Halafu ndani ya wiki mbili tu anaona watu wasiokuwepo na anapotea usiku. Mwendo huo si wa dimenshia peke yake. Mtu mwenye ugonjwa huu akibadilika ghafla, sisi wauguzi tunafundishwa kutafuta kitu kingine kilichoingia juu yake: maambukizi ya mkojo, nimonia, malaria, sukari iliyopanda au kushuka, kukosa maji mwilini, choo kigumu, maumivu asiyoweza kuyaeleza, au dawa mpya. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba ugonjwa haujafika mwisho. Kuna kitu kimeongezeka, na vitu vya namna hii mara nyingi hutibika.

Barua yako imenionyesha viwili. Mabadiliko yalianza baada ya dawa mpya, na mkojo unatoka kwa shida. Navishuku vyote viwili, tena vinaungana.

Katika ubongo kuna kemikali inaitwa asetilikolini. Ndiyo inayopitisha habari kati ya seli na seli, hasa zinazohusika na kumbukumbu na umakini. Ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikubwa zaidi cha dimenshia, huharibu seli zinazoitengeneza. Piriton ni dawa ya mzio na mwasho. Inaleta usingizi, ni kweli, lakini pia huizuia kemikali hiyo hiyo isifanye kazi. Kwa kijana mwenye mafua haina neno. Kwa mzee ambaye kemikali hiyo imekwisha kupungua, ni kumnyang'anya kidogo alichobakiwa nacho. Badala ya kulala anavurugika, na wengine huona watu kama anavyoona mzee wako.

Kemikali hiyo pia ndiyo inayokiamuru kibofu kikaze ili mkojo utoke. Mwanamume wa miaka 74 mara nyingi tezi dume imekua na kuubana mrija wa mkojo. Ukiongeza dawa inayokilegeza kibofu, mkojo unabaki ndani. Anahisi haja, anaamka, anatoa kidogo, anarudi, anaamka tena. Mkojo uliokaa huzaa maambukizi, na maambukizi ya mkojo kwa wazee wengine huweza kuonekana kichwani kabla ya kuonekana kwingine: hana homa, halalamiki kuungua, amechanganyikiwa tu. Akipitisha saa nyingi bila kukojoa, au ukimgusa chini ya kitovu ukakuta pamevimba na pagumu, mpeleke kasualti saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Kuna na vidonge vya presha. Usiviache, kwa maana presha isiyodhibitiwa nayo huharibu mishipa ya ubongo. Lakini angalia jina kwenye pakiti. Kama kimojawapo ni cha kupunguza maji mwilini, kwa mfano haidroklorothiazaidi, ukimpa jioni umempangia safari za choo usiku kucha. Waulize kliniki kama kinaweza kuhamia asubuhi.

Ukimpeleka hospitali, tia dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata za mafua na zile ulizonunua bila karatasi. Waambie maneno haya: "Ana dimenshia, lakini amebadilika ghafla kwa wiki mbili." Neno "ghafla" litawafanya wapime. Wapime mkojo, malaria, sukari, chumvi za damu na figo. Kama hajawahi kupimwa tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na virusi vya Ukimwi, omba vipimwe pia, kwa sababu kila kimoja huweza kusababisha usahaulifu au kuuongeza, na kina matibabu yake. Hukuniambia kama aliwahi kuanguka. Ikiwa alianguka na kugonga kichwa hata mwezi mmoja uliopita, liseme hilo kabla ya yote, maana damu huweza kuvuja polepole chini ya fuvu na skeni ya kichwa huionyesha.

Huenda mtu akapendekeza dawa kali ya kumtuliza, kama haloperidoli. Uliza kwanza: mmeshapima mkojo? Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kwamba dawa mpya za kundi hilo huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia, na mwaka 2008 onyo likapanuliwa kufikia zile za zamani, haloperidoli ikiwemo. Daktari anaweza kuzitumia kwa dozi ndogo na muda mfupi pale mgonjwa anapohatarisha maisha, baada ya kutafuta chanzo. Ipo pia donepezili, ambayo huihifadhi ile asetilikolini isiishe upesi. Haiponyi. Huwasaidia wengine kiasi, wengine haiwasaidii, na ikitumiwa pamoja na Piriton moja inabomoa inachojenga nyingine.

Sasa tuje jioni, maana mkojo ukitibiwa na usiku ukitulia, ile "Twende nyumbani" itabaki.

Mwanzoni mwa kazi yangu, huko Kisumu, nilimhudumia mama aliyekuwa akimuulizia mumewe kila magharibi. Nilifundishwa kusema ukweli, nikamwambia mume alikwisha fariki. Alilia kama mtu aliyepokea habari ya msiba siku hiyo. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia tena, akalia tena vile vile. Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba nilikuwa namfisha mume wake kila jioni. Bado linaniuma.

Kumbukumbu za karibuni ndizo zinazotangulia kupotea, za utotoni hudumu zaidi. Nyumba ya Nakuru kwake ni ya juzi, huenda imefutika. Nyumbani anakokutaja huenda ni kwa mama yake Kimilili, miaka sitini iliyopita, palipokuwa na mtu wa kumwambia ingia ndani ule. Hata ukimsafirisha mpaka huko ataendelea kudai kwenda nyumbani. Usimbishie, basi. Vaa kitambaa chako ukae karibu naye, umuulize, "Nyumbani tukifika tutamkuta nani?" Mwache aseme. Muulize mama alikuwa akipika nini, ng'ombe walikuwa wangapi. Mkiwa mnaongea mletee chai isiyo na majani. Sikuambii umdanganye kwamba gari linakuja; ukimwahidi gari atalisubiri mlangoni. Jibu ule upweke na hofu yake, na maneno yenyewe yatapita. Siku nyingine hayatapita. Toka naye, mzunguke ploti, mrudi kupitia mlango ule ule. Wengi huingia wakishukuru kwamba wamefika.

Hapa kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo unaweza kujipanga. Washa taa saa kumi na moja, kabla vivuli havijaingia, na ufunge pazia, maana dirisha likiwa jeusi humwonyesha sura yake naye akadhani kuna mgeni nje. Majani ya chai mpe mwisho saa nane mchana. Mtembeze mchana apate mwanga. Na mpe kazi: mtu aliyesafiri na gari moshi miaka yote hiyo hawezi kuketi bure. Mahindi ya kupukuchua, maharagwe ya kuchambua, hata akiyachanganya tena. Tochi usimnyang'anye. Akisikia honi ya treni usiku na kusema zamu yake imefika, mwambie gadi mwingine ameshachukua zamu, yeye apumzike. Hilo ni kweli kabisa.

Kumfungia, hapana, si chumbani peke yake. Moto ukitokea, au akianguka, au akitaka choo? Na mtu aliyefungiwa na hajui kwa nini, atavunja mlango au mkono. Funga mlango wa nje mkiwa wote ndani, kwa komeo lililo juu kabisa au chini karibu na sakafu, mahali asipozoea kutazama, na ufunguo ukae nawe shingoni. Ning'iniza kopo lenye vijiwe kwenye mlango wa chumba likuamshe. Zima mtungi wa gesi kila usiku. Shona namba yako ya simu ndani ya koti lake. Waendee wale vijana wa bodaboda waliomleta, uwashukuru, uwaachie picha yake. Watu wa stendi wanakesha kuliko mtu yeyote mtaani. Na akipotea, nenda polisi mara moja. Usisubiri saa ishirini na nne.

Kwa shemeji zako wa Kimilili, waambie kisa hiki. Mgonjwa wa kwanza ambaye daktari Alois Alzheimer alimweleza wenzake, mwaka 1906, alikuwa mwanamke wa Frankfurt, Ujerumani, mke wa mfanyakazi wa reli. Alilazwa mwaka 1901, mwaka ule ule reli yetu ilipofika Kisumu. Alipofariki, daktari alikuta mabadiliko kwenye ubongo wake, na ndiyo tunayoyajua leo. Hakuna mtu wa Kimilili aliyemroga. Nalisema kwa uzito kwa sababu maneno ya uchawi yanaua: Oktoba 2021 huko Marani, Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma hizo. Anayeanza kwa kusema mzee amerogwa ataishia kumtafuta aliyeroga.

Kumwombea ni jambo jema, na wimbo wa zamani wa kanisani huweza kumtuliza kuliko kidonge. Waombe waje wao Nakuru, kwani safari na nyumba ngeni vitamvuruga zaidi. Wasimfungishe chakula wala maji, na wasiguse dawa zake.

Kuhusu mali, kwa ufupi: hati ya uwakilishi, ile ya kumruhusu mtu mwingine asimamie mali yako, ikiwekwa sahihi na mtu asiyeelewa anachosaini haina nguvu. Mtu akija na karatasi za shamba, mkatalie. Sheria ya Afya ya Akili inaipa mahakama uwezo wa kumteua msimamizi wa mali, na huko ndiko familia inapaswa kwenda.

Na wewe. Mke anayeamka mara saba usiku kwa wiki mbili atakuja kuanguka yeye kabla ya mgonjwa. Wasomee wanao barua hii kwa simu. Kisha mmoja aje, akae usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, alale yeye karibu na mlango, nawe ulale chumba kingine mpaka asubuhi. Asiyeweza kuja alipe mtu wa kushika zamu. Kabla ya kukuambia tena umfungie au usimfungie, wakae naye usiku mmoja.

Jumatatu asubuhi, basi: mfuko wa dawa, na chupa safi ya mkojo ukiweza kumpata akiamka. Andika kwenye daftari alilala saa ngapi na alienda chooni mara ngapi tangu ulipoacha Piriton. Niletee matokeo, niyasome kabla hujakubali dawa nyingine ya usingizi.