Je, Mkataba wa Lisbon ni Katiba ya Ulaya iliyobadilishwa jina?

SWALI: Shikamoo wakili. Nasoma sheria, mwaka wa tatu. Mhadhiri wetu alituambia Wafaransa na Waholanzi waliikataa Katiba ya Ulaya kwa kura ya maoni mwaka 2005, kisha viongozi wakairudisha kwa jina la Mkataba wa Lisbon. Kisheria, katiba na mkataba vinatofautianaje? Na wapiga kura wale walichezewa shere? Nauliza kwa sababu na sisi Afrika Mashariki tunaambiwa katiba ya pamoja inaandaliwa. – Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba. Mhadhiri wako hajakosea, ila hati iliyokataliwa mwaka 2005 nayo ilikuwa mkataba. Jina lake kamili ni Mkataba wa Kuanzisha Katiba ya Ulaya. Rasimu yake ilitoka kwenye kongamano la watu zaidi ya 100 lililoongozwa na rais mstaafu wa Ufaransa, Valéry Giscard d'Estaing. Ikasainiwa Roma tarehe 29 Oktoba 2004 na nchi 25, kwa sharti kwamba haitaanza kutumika mpaka zote 25 ziiridhie.

Sharti hilo ndilo la kulitazama. Sisi wanasheria hatupimi katiba kwa jalada lake, tunauliza nani ana neno la mwisho katika kuibadilisha. Katiba ya Marekani hubadilishwa kwa ridhaa ya robo tatu ya majimbo. Jimbo lililopinga nalo linafungwa na mabadiliko hayo, litake lisitake. Ulaya hakuna kitu hicho. Nchi moja ikigoma, mkataba mpya haupiti. Ndiyo maana Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, ilipoamua mwaka 1993 kesi ya Mkataba wa Maastricht, ule uliounda Umoja wa Ulaya, ilisema nchi wanachama ndizo mabwana wa mikataba.

Lakini usifunge daftari bado, maana upande wa pili una hoja nzito. Mwaka 1964, kesi ya bili ndogo ya umeme ilifika Mahakama ya Haki ya Ulaya kule Luxembourg. Flaminio Costa, mwanasheria wa Milan, alikataa kulipa akipinga kutaifishwa kwa kampuni za umeme nchini Italia, na serikali yake ikajitetea kwamba sheria ya kutaifisha ilitungwa baada ya ile iliyoridhia mkataba wa Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, mtangulizi wa Umoja wa Ulaya, hivyo mahakama za Italia hazina budi kuifuata. Majaji wakasema hapana: sheria ya Jumuiya ina ukuu, na bunge la nchi haliwezi kuipindua kwa kutunga sheria mpya. Mwaka 1986 mahakama hiyohiyo ikauita mkataba ule hati ya msingi ya kikatiba. Kwa hiyo kiutendaji Ulaya ilikuwa na kitu kinachofanana na katiba miaka mingi kabla hajatokea mtu wa kuipigia kura. Mimi naamini kuiita hati ya 2004 katiba kulikuwa kosa la kisiasa: kuliwatisha walioogopa dola kubwa ya Ulaya, na kisheria hakukuongeza kitu.

Sasa njoo kwenye kura zenyewe. Ufaransa, tarehe 29 Mei 2005, karibu asilimia 55 walisema hapana. Siku tatu baadaye Uholanzi ikakataa kwa zaidi ya asilimia 61. (Hispania walishakubali mwezi Februari, na Luxembourg wakakubali Julai, jambo ambalo husahaulika.) Wapiga kura wa Ufaransa walitumiwa hati nzima nyumbani, ibara 448. Kilichowachoma wengi, hasa wa mrengo wa kushoto, kilikuwa sehemu ya tatu, ile ndefu ya sera za uchumi, pamoja na hofu ya fundi bomba wa Kipolandi atakayekuja kufanya kazi kwa bei ya kutupa. Sehemu ile kwa kiasi kikubwa ilikuwa sheria iliyokwisha kutumika, imekusanywa kutoka mikataba ya nyuma. Aliyepiga hapana kuiondoa aliamka kesho yake akaikuta palepale, kwa sababu kukataa mkataba mpya maana yake ni kubaki na ule wa zamani.

Lisbon ulisainiwa Desemba 2007 na kuanza kutumika tarehe 1 Desemba 2009. Uliondoa neno katiba, bendera na wimbo. Waziri wa Mambo ya Nje wa Umoja wa Ulaya akawa Mwakilishi Mkuu. Ibara ya ukuu wa sheria ya Umoja ikahamishwa kuwa tamko namba 17 lililoambatishwa mwishoni. Rais Nicolas Sarkozy wa Ufaransa akashinikiza maneno ya ushindani huru usiopotoshwa yatolewe kwenye malengo ya Umoja, akarudi Paris akijisifu. Ukiangalia itifaki namba 27 utayakuta yamerudi kwa mlango wa nyuma. Hati ya Haki za Msingi imepewa nguvu sawa na mikataba. Kanuni ya kupitisha maamuzi kwa asilimia 55 ya nchi zenye asilimia 65 ya watu ilibaki, na haki ya kujitoa, ambayo Uingereza iliitumia mwaka 2017, nayo ilikuwemo kwenye hati iliyokataliwa.

Walichezewa? Kisheria, hapana. Kura ya Uholanzi ilikuwa ya ushauri tu. Ufaransa, katiba yao inaruhusu mkataba kuridhiwa bungeni, na Sarkozy alitangaza kabla ya uchaguzi wa 2007 kwamba atafanya hivyo. Kisiasa, mimi nawaelewa wanaonung'unika, kwani waliokataa hawakuulizwa tena. Ireland pekee ndiyo iliyopiga kura ya maoni kuhusu Lisbon, kutokana na hukumu ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ya mwaka 1987. Ikakataa 2008, ikapewa ahadi kuhusu kodi, kutofungamana kijeshi na utoaji mimba, ikakubali 2009.

Kuhusu kwetu: ibara ya 8(4) ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inasema waziwazi kwamba sheria za Jumuiya zina ukuu juu ya zile za nchi katika utekelezaji wa mkataba, jambo ambalo Ulaya hawakuthubutu kuliacha ndani ya ibara. Ila mabadiliko ya mkataba, kwa ibara ya 150, yanahitaji nchi zote ziridhie. Na marais mwezi Mei 2017 walichagua kuanzia kwenye muungano legelege wa kisiasa, shirikisho likasogezwa mbele. Rasimu ikitoka, ruka dibaji uende kwenye ibara ya marekebisho. Ikitaka ridhaa ya kila nchi, una mkataba mkononi hata kama juu pameandikwa katiba. Ikisema wengi wanatosha, hapo Tanzania itakuwa inaombwa kutoa kitu ambacho Ufaransa haijawahi kukitoa Brussels.