Mwaka ulioandikwa mguuni si mwaka wa kutengenezwa

SWALI: Nimekuta kwenye sanduku la utotoni vijisanamu vinne vya anga za juu, alivyotuletea mjomba kutoka Uingereza mwaka 1983. Kuna askari mweupe ambaye kichwa chake hakizunguki, mtu mweusi mwenye mfereji kwenye mkono wa kulia, mfupi wa kahawia mwenye macho ya njano, na roboti nyeupe na bluu yenye kichwa cha kuba. Miguuni naona 1977. Mbona mwaka haulingani? Ni vya nani, na nivioshe vipi?

JIBU: Usivioshe bado, ndugu msomaji. Soma miguu kwanza.

Kwa maelezo yako, hivi ni vya filamu ya Star Wars, vilivyotolewa na kampuni ya Kenner ya Marekani na kuuzwa Uingereza na kampuni ya Palitoy. Kwa mpangilio uleule ulioutaja, ni Stormtrooper, Darth Vader, Jawa na R2-D2. Vyote vinne vimo katika 12 vya mwanzo, vya mwaka 1978. Ule 1977 ni mwaka wa hakimiliki uliochongwa kwenye kalibu. Kalibu hizo ziliendelea kutumika miaka kadhaa, kwa hiyo kijisanamu kilichonunuliwa 1983 kikiwa na 1977 hakina kasoro yoyote.

Ili kuisoma alama vizuri, zima taa, washa tochi ya simu na uilaze ubavuni mwa mguu ili mwanga upite juu ya herufi kwa mshazari. Kivuli ndicho kinachozionyesha. Zikigoma, weka karatasi nyembamba juu yake na usugue polepole kwa penseli laini. Utafute G.M.F.G.I., yaani General Mills Fun Group, kampuni mama ya Kenner wakati huo. Vilivyobuniwa baadaye vina L.F.L., ya Lucasfilm, kampuni ya filamu hiyo. Karibu na hapo huwa kuna jina la nchi, mara nyingi Hong Kong, lakini vipo halali visivyo na nchi kabisa. Kukosa nchi peke yake kusikufanye ukitupe.

Kisha pima kwa rula. Vingi vya kimo cha mtu mzima hukaribia sentimita 9.5, Jawa na R2-D2 takriban 5.7. Nakala iliyotolewa kwa kufinyanga kalibu juu ya kijisanamu halisi hutoka ndogo kidogo, kwa sababu plastiki hunywea ikipoa, na mikunjo ya nguo huwa butu. Kichwa cha Stormtrooper kisikusumbue. Kiliundwa kikiwa kimoja na kiwiliwili, ukikilazimisha utakivunja.

Mfereji wa Vader ni njia ya upanga mwekundu unaosukumwa kutoka ndani ya mkono. Ncha yake nyembamba ndiyo inayokatika mara nyingi, basi usukume taratibu na uangalie kama imebaki. Jawa wa mwanzo alivaa joho la plastiki, baadaye likawa la kitambaa. Ukiona la plastiki, tahadhari sana: hughushiwa kwa kukata joho la Ben Kenobi, kijisanamu kingine cha Star Wars. Ama kipimo cha kutambua silaha halisi za vijisanamu hivi kwa kuzitumbukiza majini uone kama zinaelea, hakiaminiki, maana ziko nakala zinazoelea pia.

Sasa kuosha. Maji ya vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, mswaki laini, kisha kausha kwa kitambaa na uache hewani siku nzima ili maji yaliyoingia kwenye viungo yatoke. R2-D2 asitiwe majini hata kidogo: michoro ya kiwiliwili chake ni stika ya karatasi, nayo huvimba na kubanduka. Mfute kuba na miguu tu, kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha ni marufuku, kwani asetoni huyeyusha plastiki na rangi kwa pamoja.

Askari mweupe akiwa amegeuka manjano, hilo limo ndani ya plastiki yenyewe, sabuni hailiondoi. Wapo wanaotumia hidrojeni peroksaidi na jua, lakini weupe huo mara nyingi hurudi manjano, na plastiki inaweza kudhoofika. Mimi ningemwacha alivyo na kumweka mbali na dirisha.