Maswali na majibu: Bia ikishuka motoni, ipozwe vipi?

Wiki hii wapishi wa bia ya shayiri nyumbani wameniandikia kwa wingi, na karibu wote wanahangaika na pale pale: maji ya kimea yameshachemka na hopsi (maua machungu yanayoipa bia ladha), sasa yapoe kabla ya kutia hamira.

Mimi huacha sufuria jikoni usiku kucha, asubuhi natia hamira. Kuna ubaya? (Msomaji, Sakina, Arusha)

Upo, ndugu yangu, na utauonja. Maji yale ni matamu na bado hayana hamira ya kuyalinda. Yakiwa juu ya nyuzi 60 bakteria wengi hawastahimili. Yakishuka hapo na kubaki vuguvugu, wanakuwa mezani kwao, na sufuria ya lita 20 hukaa vuguvugu saa nyingi. Halafu kuna harufu. Kimea cheupe kikiwa cha moto huzalisha daimethili salfaidi, inayonukia kama mahindi ya kuchemsha. Moto ukiwaka hutoka na mvuke, ndiyo maana nakataza kufunika sufuria inapochemka. Moto ukizimwa inaendelea kuzaliwa, ila haina tena mvuke wa kuibeba. Mimi nalenga nyuzi 20 ndani ya nusu saa.

Nina beseni kubwa. Ninunue barafu kilo ngapi? (Kijana wa Majengo, Moshi)

Tupige hesabu. Kwa mwinuko wa Moshi maji huchemka karibu nyuzi 97. Kuzishusha lita 20 hadi nyuzi 20 ni kuondoa takriban kilokalori 1,500. Kilo moja ya barafu, ikiyeyuka na kufika nyuzi 20, humeza kama 100. Ukitegemea barafu peke yake, basi ni kilo 15, na hiyo ni hela ya bure.

Anza na maji ya bomba. Joto hukimbia upesi tofauti inapokuwa kubwa, kwa hiyo maji ya kawaida yatakufikisha nyuzi 40 bila shida, mradi uyabadilishe kila yanapopata moto. Barafu ihifadhi kwa mwisho: kilo 4 au 5 zinatosha. Na koroga, tafadhali! Juzi nilitia kipimajoto ukingoni mwa sufuria kikasoma 31. Nikakisogeza katikati, 52. Angetia hamira mtu aliyepima pembeni tu, angeiua.

Barafu isiingie ndani ya bia yenyewe, isipokuwa umeigandisha mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa, kwenye chombo safi chenye kifuniko.

Bomba la shaba lililozungushwa linasaidia kweli? Na floridi ya maji yetu haina neno? (Fundi, Njiro)

Linasaidia sana, na kwangu ndicho kifaa cha kwanza kununua: linakaa ndani ya bia, maji baridi yanapita ndani yake na kuondoka na joto. Waulize mafundi friji. Mita 8 hadi 10 zinatosha kwa lita 20. Lijaze chumvi laini kabla ya kulizungushia mtungi mdogo wa gesi, lisijikunje, kisha lisuuze vizuri na kulisafisha kwa siki. Litumbukize dakika 15 kabla ya kuzima moto, lichemke pamoja na bia. Maungio yabaki nje ya sufuria, maana tone moja la maji mabichi linaharibu kazi ya siku nzima. Maji ya kwanza yatatoka yakiunguza: yakinge kwenye ndoo, yatafua nguo.

Floridi ya maji ya kupozea haigusi bia. Ya maji ya kupikia ndiyo ya kuangaliwa, kwa sababu kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Pikia maji ya mvua, ukiweza.

Nikishapoza nifunike?

Ndiyo. Tangu sufuria inaposhuka chini ya nyuzi 60.

Shikamoo. Bibi yangu akipika mbege, pombe yetu ya ndizi, hakubali mso (uji wa ulezi) uchanganywe na ndizi kabla haujapoa. Ni mila tu? (Binti wa Kibosho)

Marahaba, mwanangu. Bibi yuko sahihi kabisa. Ndizi zilizochachuka zimejaa hamira hai, na uji wa ulezi wa moto unaiua, mbege inalala. Ila mso ni mzito, haujizungushi wenyewe kama maji ya shayiri, kwa hiyo bomba la shaba halitakufaa sana. Ugawe kwenye mabeseni mapana, kina kisizidi upana wa kiganja, yaweke juu ya maji baridi, koroga kila baada ya dakika chache. Shika beseni kwa nje, chini kabisa: ukiacha mkono hapo bila kusikia joto, mwite bibi achanganye.