Kitufe kimoja cha kurekodi darsa

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Mimi ndiye ninayeangalia sauti katika msikiti wetu hapa Ngamiani, Tanga. Darsa za maalim baada ya Magharibi tunazirekodi kwenye kompyuta ya Windows iliyoko chumba cha miksa. Nikisafiri hakuna anayerekodi, kwani wazee hawataki kabisa kushika mausi. Nataka kitufe kikubwa karibu na mimbari, kama mita kumi na mbili kutoka kwenye kompyuta; mzee akibonyeza tu, kurekodi kuanze. Nimeshauriwa ninunue Arduino Uno. Je, ndiyo yenyewe?
Msomaji, Tanga

JIBU: Waalaykumu salaam, mdogo wangu. Uno iache. Ni bodi nzuri ya kujifunzia, lakini chipu ya ATmega328P iliyomo kwenye Uno ya kawaida haina USB yake yenyewe, na kazi yako inataka kifaa ambacho ukikichomeka kompyuta inakiona ni kibodi. Ukishapata hicho, huhitaji draiva wala programu ya kusikiliza bandari (port) ya kompyuta. Mzee anabonyeza ukutani, Windows inaona herufi imepigwa.

Chukua Raspberry Pi Pico, bodi iliyoingia sokoni mwaka 2021 kwa dola 4. Ukikosa, Arduino Leonardo yenye ATmega32U4 nayo inajua kuwa kibodi. Mimi naipendelea Pico kwa sababu ya CircuitPython, lugha ya Python iliyotengenezwa kwa bodi ndogo: unashikilia kile kitufe kidogo cha BOOTSEL huku unachomeka USB, bodi inafunguka kama flashi, unakopi faili moja la CircuitPython lenye mwisho wa .uf2, basi. Baada ya hapo programu yako ni faili la maandishi liitwalo code.py, na fundi yeyote atakayekurithi ataweza kulifungua akalisoma. Weka na maktaba ya adafruit_hid, inayoiwezesha Pico kutuma herufi kama kibodi, kwenye folda ya lib.

Sasa, itume herufi gani? Usitume Enter wala F5, siku moja itaingia katikati ya barua ya katibu. Tuma F13. Kibodi za kawaida huishia F12, lakini Windows inazitambua hadi F24, kwa hiyo hakuna kidole kitakachoigusa kwa bahati mbaya.

Watu wengi hufanya kitufe kiwe cha kuwasha na kuzima: bonyeza kianze, bonyeza tena kisimame. Kwa msikiti nakukataza. Mzee akiwa na shaka atabonyeza mara ya pili, na darsa itakuwa imezimwa bila yeye kujua. Panga hivi: kubonyeza kwa kawaida kutume F13, yaani anza, kushikilia sekunde mbili kutume F14, yaani simamisha. F13 ikija wakati kurekodi kunaendelea, isifanye lolote. Kumbuka pia kwamba vyuma vya swichi hurukaruka kwa milisekunde chache vinapokutana, na bodi huhesabu kila mruko. Subiri milisekunde 20, usome pini tena, ndipo uamini.

Upande wa kompyuta tumia AutoHotkey, programu inayofanya kazi uliyoipangia herufi fulani ikipigwa. Ikipokea F13 iiamshe ffmpeg, programu ya kurekodi sauti, na jina la faili liwe tarehe na saa. Rekodi kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, ambayo saa nzima haifiki megabaiti 60. Sababu yangu kubwa ni umeme. Faili la M4A likikatwa katikati kwa kawaida halifunguki tena. MP3 hukupa yote yaliyotangulia, ukipoteza sekunde chache za mwisho.

Kuna jambo moja nakuomba usiliruke hata ukiona linakuongezea kazi: taa. Mtu aliyebonyeza lazima ajue kwamba sauti inaingia kweli. Na taa isiwashwe na Pico kwa kuwa tu kitufe kimebonyezwa, maana hiyo itamdanganya siku ffmpeg imegoma au diski imejaa. AutoHotkey isubiri sekunde tatu, itazame kama faili limeanza kukua, ndipo iwashe Scroll Lock, ile taa ndogo ya kibodi. Windows huzijulisha kibodi zote hali ya taa hiyo, na Pico nayo ni kibodi. Itaipata habari na kuwasha LED nyekundu pale mimbarini. Hali ya faili ikaguliwe tena kila baada ya sekunde kadhaa, na likiacha kukua taa izimwe. Maneno ya maalim yakishapita yamepita, afadhali mzee aone taa imezimika amwite kijana.

Umbali wa mita 12 usiuvuke kwa USB, ambayo mwisho wake ni mita 5. Pico ibaki kando ya kompyuta, na upeleke waya wa mtandao hadi mimbarini: jozi moja ya kitufe, jozi moja ya LED pamoja na rezista ya ohm 330. Kitufe kiunge kati ya GP14, ambayo ni pini ya 19, na GND (ardhi) ya pini ya 18. Rezista ya ndani ya Pico, inayoishikilia pini juu kitufe kisipobonyezwa, ni dhaifu kwa waya mrefu namna hiyo, hivyo ongeza ya kiloohm 4.7 kutoka GP14 kwenda pini ya 36 yenye volti 3.3. Pini ya 40 ina volti 5; usiipeleke GP14, utaiunguza. Waya huo usilale sambamba na nyaya za umeme wala za spika. Kitufe chenyewe kiwe cha kubonyeza na kuachia, kama cha kengele ya mlangoni.

Mwisho, zima kulala kwa kompyuta na kujifunga kwa skrini, kwa sababu skrini ikiwa imefungwa AutoHotkey haitaipata F13. Skripti ya AutoHotkey iweke kwenye folda ya Startup, kisha ijaribu kwa kuizima kompyuta kabisa na kuiwasha upya, mmoja wa wazee akiwa mimbarini na wewe ukiwa nje ya chumba.