Hazina Kwanza, Mawazo Yatafuata

Wewe uliyeokoka karibuni, huenda umeshaanza kujishangaa. Mdomo umeacha matusi, ibada hukosi, lakini kichwani mambo ni yale yale: kinyongo, wivu, hesabu za fedha katikati ya maombi. Wengi niliowafundisha wakifika hapa huingiwa na hofu kwamba hawakuokoka kweli. Usiogope. Paulo aliwaandikia Warumi, watu waliokwisha kuamini, wageuzwe kwa kufanywa upya nia zao. Kazi hiyo huendelea maisha yote.

Kwanza, tofautisha wazo linalopita na wazo unalolivutia kiti. Waebrania 4:15 inasema Yesu alijaribiwa sawasawa na sisi, bila kutenda dhambi. Kwa hiyo wazo baya likikupitia, usijihukumu. Angalia unavyolipokea.

Wengi huanza kwa kujikataza: "Leo sitawaza kisasi." Kufika mchana kisasi ndicho wanachokiwaza. Mimi nashauri uanzie kwingine. Katika Mathayo 6:21 Yesu anasema hazina yako ilipo, ndipo utakapokuwapo na moyo wako. Soma polepole uone kinachotangulia. Hazina inatangulia, moyo unafuata. Ukitaka mawazo yako yahame, hamisha kwanza unakoweka saa zako, fedha zako na nguvu zako. Anayefungua simu kabla ya Biblia kila asubuhi atashinda akiwaza ya kwenye simu, na hilo lisimshangaze.

Ila hazina nyingine zimejificha, na hapa ndipo pa kukaa. Katika karne ya 16 Ignatius wa Loyola, padri Mkatoliki, aliwazoeza wafuasi wake kuichunguza siku yao mbele za Mungu, na hata asiye Mkatoliki atafaidika na zoezi hilo. Chukua daftari jioni. Tuseme kikaoni bosi alikukata kauli mbele ya wenzako, na mpaka usiku bado unamtungia majibu. Andika hivyo hivyo, bila kupamba: "Tangu mchana namtungia bosi majibu." Kisha jiulize kilichoguswa ni nini. Mara nyingi, ukiwa mkweli, utakuta kinachouma zaidi ni heshima yako. Basi umeiona hazina. Itaje mbele za Mungu: "Bwana, leo nimetaka kusifiwa na watu kuliko kukupendeza wewe." Halafu mwombee huyo bosi, na usiombe tu abadilike. Omba abarikiwe, yeye na nyumba yake. Siku za mwanzo maneno yatatoka makavu. Yaseme hivyo hivyo. Na kama kweli alikudhulumu, mwendee uzungumze naye ana kwa ana. Maombi hayakuzuii kudai haki kwa upole.

Ukiondoa wazo, weka lingine mahali pake. Orodha ya Wafilipi 4:8, mambo ya kweli, ya staha, ya haki, yaliyo safi, Paulo aliiandika akiwa kifungoni, kwa hiyo usisubiri mambo yakunyookee ndipo uanze kuyatafakari hayo. Shika mstari mmoja kwa moyo, ukae nao wiki nzima. Mstari mmoja uliokuingia unakufaa kuliko sura nzima uliyoisoma kwa haraka.

Lipo kosa moja la waongofu wapya linaloniumiza sana: kudhani kutanguliza ufalme wa Mungu ni kushinda kanisani huku watoto hawakuoni na kazi ya mwajiri inalala. 1 Timotheo 5:8 inamwita asiyewatunza wa nyumbani mwake mbaya kuliko asiyeamini. Hata Martha, aliyemkaribisha Yesu nyumbani kwake, ukisoma Luka 10, aliambiwa kwamba anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi. Yesu hakumwambia kuhudumia wageni ni dhambi. Kazi ile ile unaweza kuifanya kwa Bwana, au kwa ajili ya kuonekana.

Usibebe haya peke yako. Tafuta muumini aliyekomaa, mwenye kutunza siri, umsomee ulichoandika kwenye daftari. Na kama mawazo yanakunyima usingizi siku nyingi, au yanakuambia ujidhuru, mwone daktari mapema, huku ukiendelea kuombewa. Kumwona daktari si upungufu wa imani, na yeyote anayekuambia uchague kimoja kati ya hivyo viwili, usimsikilize.